Kiwanja kimoja, milango mitatu
Mama mmoja mjane wa Tarime ana kiwanja kando ya lami. Hakitoshi miji mitatu, na kila mwanawe aliyeoa anataka mji wake. Kaka mkubwa anasema kiuzwe, wakajenge mbali. Mama amekataa. Anakumbuka usiku mkwewe aliposhikwa na uchungu kijijini: gari lilipopatikana, mtoto alikuwa ameshafariki. Hapa gari la Sirari linapita karibu na mlango. Wajenge nyumba moja ndefu, milango mitatu. Ila wapime kwanza: hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Ukijenga humo, utabomolewa. Kaka mkubwa bado amenuna, lakini ndiye aliyeshika futi kamba.