Vinanda Nyuma ya Leso

Wahenga walinena kuwa usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaiandika katika insha zetu mpaka wino ukaisha. Lakini mimi sikuwahi kuiona ikitembea kwa miguu yake hadi mwaka jana, wapenzi wa vinanda wa hapa Nakuru walipokutana ukumbini kujaribu vinanda na spika.

Kwanza hebu nikupe historia kidogo. Watu wengi hudhani kinanda kilizaliwa Ulaya. La hasha! Kinanda cha kwanza kinachojulikana kilitengenezwa papa hapa Afrika, katika mji wa Alexandria nchini Misri, karne ya tatu kabla ya Kristo. Fundi wake alikuwa Mgiriki aitwaye Ctesibius, naye alitumia maji kuisukuma hewa iingie katika filimbi. Miaka ikapita, filimbi zikawa ndefu kushinda nyumba. Kisha mwaka 1935 Laurens Hammond wa Marekani akaanza kuuza kinanda cha umeme kisicho na filimbi hata moja. Ndani yake mlizunguka magurudumu madogo ya chuma. Mwaka 1971 kampuni ya Allen, ya huko huko Marekani, ikatoa kinanda cha kidijitali. Hiki hakina filimbi wala gurudumu. Sauti imehifadhiwa ndani yake kwa nambari. Katika sidii, kwa mfano, sauti hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde na kila kipimo huandikwa kama nambari. Ukibonyeza kitufe cha kinanda, mtambo huzisoma nambari zake na kuzigeuza kuwa umeme.

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe. Mimi ndiye mpiga kinanda wa kwaya yetu. Kinanda chetu ni kikuukuu, kina vitufe 61, na viwili kati yao hukwama kama mlango uliovimba kwa mvua. Kwaya ilikuwa imechanga shilingi 60,000. Pesa hizo hazikuokotwa njiani. Akina mama waliuza mandazi na sukuma wiki, vijana wakaosha magari, na nyanya mmoja anayesikia kwa taabu akatoa shilingi mia mbili kila mwezi bila kukosa. Sisi vijana tulitaka kinanda kipya chenye mamia ya sauti. Wazee nao walitaka spika, maana zetu zilikuwa zikikoroma kama mgonjwa wa pumu hata maneno ya wimbo hayasikiki. Pesa hazingetosha vyote viwili. Mazoezi yakageuka mabishano, na waimbaji wawili wakaacha kuja kabisa.

Ndipo tukapata habari za ule mkutano. Tulibeba kinanda chetu na spika zetu mbovu kwa mkokoteni, mimi, mama na vijana wenzangu. Lo! Ukumbi ulikuwa umejaa nyaya sakafuni kama mizizi ya mgumo. Mwenye duka mmoja alileta kinanda kipya kinachometameta taa kila upande. Fundi mmoja wa jua kali alileta spika mbili alizounda mwenyewe kwa mbao nzito, kila moja na koni kubwa ya besi na nyingine ndogo ya sauti nyembamba. Watu walibonyeza hiki na kile. Wengine waliinamia masanduku ya spika kama daktari anayesikiliza kifua. Stima ikapotea, watu wakapiga mayowe, ikarudi.

Mwalimu mmoja mstaafu alipotusikia tukibishana hata pale, alicheka.

"Wanangu," akasema, "macho yenu ndiyo yanayogombana. Masikio hayajaulizwa bado. Funikeni hivi vyombo."

"Shikamoo Mwalimu, tufunike na nini?" nikauliza.

Mama akafungua mkoba na kutoa leso mbili. Zikatundikwa kwa kamba, na nyuma yake vikapangwa vinanda viwili na spika za aina mbili. Tungepiga mara nne: kinanda cha zamani kwa spika za zamani, kipya kwa spika za zamani, cha zamani kwa spika za fundi, kisha kipya kwa spika za fundi. Kila mara mwimbaji angeimba ubeti mmoja kwa kipaza sauti, na wasikilizaji wangeandika alama kwenye karatasi. Mpigaji nikawa mimi.

Nilipoketi nyuma ya leso, kishawishi kilinijia. Hakuna aliyekuwa akiniona. Ningeweza kupiga kinanda kikuukuu kwa ulegevu na kile kipya kwa mbwembwe, kura zikaja upande wetu vijana. Nani angejua? Lakini katika mwanya wa leso nilimwona yule nyanya ameketi mstari wa nyuma kabisa, kiganja kimekinga sikio. Nikazikumbuka mia mbili zake. Basi nikapiga wimbo uleule mara nne, kwa mwendo uleule na nguvu zilezile.

Karatasi ziliposomwa, ukumbi ulinyamaza ji! Mara mbili za kwanza zilipata alama duni, na tofauti yake ilikuwa ndogo mno. Mara mbili za mwisho zilipata alama za juu, nazo zilikaribiana kama pacha. Kinanda kipya kilikuwa kimeongeza kidogo, spika zilikuwa zimeongeza mengi.

Sababu yake haina uchawi. Kinanda cha kidijitali hakitikisi hewa, spika ndiyo inayoitikisa. Kitufe cha mwisho upande wa kushoto cha kinanda chetu hutoa mitetemo kama 65 kwa sekunde. Tumefundishwa katika Fizikia kwamba sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde hewani. Ukigawanya, utapata wimbi la zaidi ya mita 5! Koni ndogo tena iliyochanika itawezaje kusukuma wimbi la namna hiyo? Hata uipe kinanda cha mamilioni, itakoroma tu.

Nyanya alinishika mkono tukitoka. "Mjukuu wangu," akaniambia, "leo nimesikia maneno. Siku zote mimi husikia ngurumo, naitikia Amina kwa kubahatisha."

Jumapili iliyofuata kwaya ilikubaliana kununua spika. Sitakuficha, roho iliniuma. Mpaka leo vitufe vyangu viwili vinakwama, na nimejifunza kuvirukia kama mtu arukavyo tope. Mmoja wa wale waimbaji walioacha amerudi. Mwingine bado tunamngojea.

Wanachama wenzangu wa Kiswahili, iko siku nawe utapewa kuchagua kitu kilichonunuliwa kwa jasho la wengi, iwe ni kitabu cha maktaba, mpira wa timu au kiongozi wa darasa. Bei na mng'aro vitakuita kwa sauti kubwa. Vifunike kwa leso kwanza, kisha muulize aliyeketi mstari wa nyuma amesikia nini.