Tusicheke Maulizo ya Wenzetu

Sisi wa mwaka wa tano sayansi tumeona vema kuandika maneno machache juu ya mtu aliyefundisha fizikia, kiisha akaiacha kazi ile. Jina lake Denis Osborne, Mwingereza. Alifundisha katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, kule ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Nyuma akaingia kazi ya serikali yao, hata akawa balozi wa Uingereza katika Malawi. Lakini watu wanamkumbuka zaidi juu ya barafu.

Habari yenyewe ilianza 1963. Kijana Erasto Mpemba alikuwa akisoma sekondari ya Magamba. Wanafunzi pale walipenda kutengeneza barafu tamu ya maziwa na sukari. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kungoja yapoe, ndipo kuyatia katika firigo. Siku moja nafasi ilikuwa ndogo. Mpemba akaogopa kuikosa, akatia maziwa yake yangali moto. Kumbe, yakaganda mbele ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa! Akauliza mwalimu, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa. Alipofika sekondari ya Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine akamwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya watu wote.

Ndipo Osborne akaja Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama akauliza: maji ya digri 35 na maji ya digri 100, kipimo sawasawa, tukiyatia katika firigo, sababu gani yale ya 100 yanaganda kwanza? Wenzake wakacheka. Osborne naye aliona vigumu kuamini. Lakini hakucheka. Aliahidi kujaribu.

Kule Dar es Salaam fundi wa laboratwari akajaribu. Akaleta habari kwamba maji ya moto yameganda kwanza, ila watarudilia mpaka yatoke majibu ya kweli! Wakarudilia, yakatoka yaleyale. Mwaka 1969 profesa na mwanafunzi waliandika habari hii pamoja katika gazeti la Kiingereza la walimu wa fizikia.

Osborne alitoa mawazo mepesi kusikia, mazito kufuata. Ulizo la mtu lisichekwe. Mambo ya kila siku si rahisi kama yanavyoonekana. Na fizikia isiwe kitu cha amri tu.

Wengine watatuambia: sisi hatuna laboratwari, na wengi hatuna firigo nyumbani. Ni kweli. Lakini sikieni. Osborne aliona pia kwamba maji yenye mafuta kidogo juu yake yanachelewa sana kuganda, maana joto nyingi inatokea juu ya uso wa maji. Basi mama zetu wa Kasongo na Kabambare wanajua kwamba mchuzi wenye mawese juu unakaa moto. Bika maji, tia katika vikombe viwili sawasawa, kimoja dondosha mawese, ngoja nusu saa, kiisha gusa. Hapo iko laboratwari. Tena sababu gani maji ya mtungi wa udongo ni baridi kuliko ya bidoni? Maji yanapenya kidogo kidogo, yanakauka juu ya mtungi, yanakwenda na joto. Jambo hilo linaonekana pale pembeni ya mlango.

Wengine watasema tena: egzameni ya Serikali haiulizi habari ya mtungi. Lakini mtu aliyekariri kaye peke yake, ulizo likigeuzwa kidogo anapotea. Na mwenzetu aliyechekwa mara moja ananyamaza mpaka mwisho wa mwaka. Hasara hiyo haiandikwi katika buletini ya pointi, lakini ni hasara kubwa.

Tusidanganyane: mabishano hayajaisha. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza walipima tena kwa uangalifu, wakasema hawakuona kwamba maji ya moto yanapoa mbele ya yale ya baridi. Hata hivyo wao nao walipima, hawakucheka. Ulizo la mtoto wa shule limewatumikisha wakubwa zaidi ya miaka hamsini.

Kwa hiyo tunaomba walimu wetu: kila juma mtupe dakika kumi za maulizo ya nyumbani, ya shambani kwenye mpunga, ya mtoni. Jibu likikosekana, tujaribu pamoja. Na ninyi wenzetu, mtu akisimama kuuliza, mwacheni amalize. Kuuliza si ujinga.