Makaa na Mzee, Uani

Ijumaa, 1 Machi 2024. Tanga

Dada kaandika tena kutoka Maskati. Anataka picha ya Makaa, na safari hii hataki ile ya simu ya Mama. "Niliyotumiwa ni doa jeusi lenye macho mawili," anasema. Ana haki.

Paka mweusi ni mtihani. Mita ya kamera haijui kwamba duniani kuna manyoya meusi. Kila inachokiona inakivutia kwenye kijivu cha wastani. Makaa akijaa kwenye fremu, inaongeza mwanga, paka anatoka rangi ya majivu. Nimeipunguza kwa kipimo 1. Weusi ukarudi, na ule wekundu wa mgongoni, wa kuungua na jua, ukaonekana kwa mara ya kwanza. Akisogea mbali, akabaki mdogo mbele ya ukuta wa chokaa, mambo yanageuka: mita inaogopa weupe wa ukuta, inapunguza mwanga kupita kiasi, nami inabidi niongeze. Paka yule yule, ukuta ule ule, dakika moja tu katikati.

Jumapili, 3 Machi

Leo fokasi tu, mengine baadaye.

Lenzi ya milimita 50, tundu limefunguliwa hadi f/1.8, paka yuko mita moja. Kwa kamera yangu, yenye sensa ya APS-C, kinachotoka kikali hapo ni unene wa sentimita tatu hivi. Na kutoka ncha ya pua ya paka hadi machoni ni karibu hizo hizo. Kamera ikishika pua, macho yameingia ukungu, na picha ya paka asiye na macho haina mwenyewe. Nikafunga tundu hadi f/5.6: unene ukafika kama sentimita tisa, uso mzima ukaingia.

Wateja wa harusi wanapenda nyuma kuwe na ukungu, nami huwauzia, lakini si lazima ukungu huo utoke kwenye tundu. Umbali nao unafanya kazi. Makaa alipojilaza katikati ya ua, ukuta ukiwa mita nne nyuma yake, hata kwa f/5.6 nyufa na madoa ya chokaa yalilainika. Alipouegemea, kila ufa ulisomeka.

Kuhusu kulenga: kamera isiachiwe kuchagua mahali. Nukta moja, iwekwe kwenye jicho lililo karibu nami. Kamera hulenga kwa kutafuta mahali weupe na weusi vinapokutana, na ubavuni mwa Makaa hapana mpaka wowote. Lenzi inakwenda na kurudi, inavuma, mwisho inakata tamaa. Mpaka upo kwenye ukingo wa jicho, manjano dhidi ya weusi. Kamera mpya zinalitafuta jicho la mnyama zenyewe. Sony walianza mwaka 2019, Canon wakafuata na R5 mwaka 2020. Bei yake ni harusi nyingi mno. Nitaendelea na nukta yangu.

Kisha kulala chini. Kwa kweli hili lingekuwa la kwanza. Ukimpiga paka picha umesimama unapata mgongo, masikio na sakafu nyingi. Ukilala tumboni, lenzi ikawa sawa na macho yake, sakafu inatoweka na yeye anakuwa mtu. Walter Chandoha, Mmarekani aliyepiga picha za paka tangu 1949 hadi uzeeni, alikuwa anashuka chini hivyo hivyo. Mitsuaki Iwago naye, Mjapani aliyewapiga picha simba wa Serengeti, ndiye huyo huyo anayelala barabarani kupiga paka wa mitaani.

Mama alitoka jikoni akanikuta nimelala mchangani. "Mwanangu, umeanguka?"

Alhamisi, 7 Machi

Siku hizi jua linapita juu ya Tanga sawasawa. Saa sita na nusu mchana mnazi una kivuli cha duara tu, shinani. Mafundi wote husema saa hizo kamera ifungwe begini. Juani, kweli: mboni za paka zimebaki uzi, na chini ya kidevu ni shimo jeusi.

Lakini mchana paka hakai juani! Yuko kwenye ukingo wa kibaraza, na pale mwanga ni mzuri kuliko wa studio yangu. Jua linapiga mchanga mweupe wa ua, linarudi juu, linaingia chini ya bati na kumwangaza paka kutokea chini. Kidevu kinaonekana. Mboni zimefunguka nusu, umbo la lozi, na rangi ya jicho bado ipo. Gizani mboni zingeimeza yote.

Mzee, yule paka mwingine, mwenye mistari, alikaa mbele ya mlango wa ukumbi ulio wazi. Nyuma yake giza tupu. Picha ya haraka kuliko zote. Makaa pale pale angepotea, kwa hiyo nikamsubiri mbele ya dirisha la rangi ya samawati. Nimesubiri sana. Hashikwi wala hapangwi. Ukimbeba na kumweka mahali, masikio yanalala na mkia unaanza kupiga. Ninachopanga ni mahali: ukuta upi, mwanga upi, kamba ya nguo isitokee kichwani mwake, nafasi iachwe upande anaotazama. Kisha namwachia aje mwenyewe. Asipokuja, basi kesho.

Kanga za Mama zilikuwa zimeanikwa. Mzee kupita mbele ya kanga ni hasara tupu, mistari na maua vinamezana. Makaa mbele ya kanga ya njano, hilo ni la kujaribu.

Jumamosi, 9 Machi

Muuza samaki anapita na baiskeli asubuhi, kama saa mbili. Nimegundua faida yake. Nikikaa mgongo kwa barabara, paka wako mbele yangu, ile sauti yake inapotokea nyuma yangu, masikio yote manne yanaelekea kwenye lenzi na macho yanafuata. Sekunde mbili, labda. Ukimwita paka mwenyewe kwa jina anakujia, anagusa lenzi kwa pua, picha imekwisha.

Miguu ya Mzee imekatika kwenye fremu tatu. Mkia ukatwe au usikatwe, nautazama kwa kila picha. Nyayo zisikatwe kamwe.

Jumatano, 13 Machi

Siku ya pili ya mfungo wa Ramadhani. Saa kumi na moja na nusu jioni, nyumba nzima iko jikoni, mimi uani. Jua limeshuka nyuma ya Makaa na sharubu zake zimewaka kama nyuzi za shaba. Nimelenga jicho, nikaongeza mwanga kidogo, manyoya ya pembezoni yakachora umbo lake lote.

Halafu akaruka ukutani. Akitembea, 1/500 ya sekunde inatosha. Kuruka kunataka 1/1000 au zaidi, nami nilikuwa nimepandisha ISO hadi 1600 kwa ajili hiyo. Étienne-Jules Marey alimpiga picha paka akianguka mwaka 1894, mfululizo mzima, kwa vifaa vya wakati ule. Mimi nimepata picha moja, miguu ya nyuma bado iko kwenye udongo, na ndiyo ninayoipenda. Chembechembe zipo. Ziwepo.

Nimemtumia Dada mbili, ya sharubu na ya dirisha la samawati. Jibu limekuja kabla ya adhana: "Mbona kanenepa hivi? Mama anampa nini?"

Nimemsomea Mama. "Mwambie ni manyoya," kasema.