Kwangu Inafunguka

Nilipoanza kutengeneza tovuti hapa Katesh, kazi zote zilikaa kwenye anwani ileile, 127.0.0.1, kila moja na namba ya mlango wake. Mpaka nikawa sikumbuki 3000 ni ya chama cha wakulima au ya duka la vifaa vya ujenzi. Baadaye nikajua kwamba kazi inaweza kupewa jina: unaandika mstari mmoja katika faili la hosts, unaielekeza programu ya seva, Nginx, kidogo, basi. Kompyuta inalikubali jina bila kumuuliza mtu wa nje. Mtandao ukikatika, jina linaendelea kuitika. Nililipenda jambo hilo, labda kupita kiasi.

Faili hilo lina historia ndefu. Kabla Paul Mockapetris hajabuni mfumo wa majina wa DNS mwaka 1983, majina ya kompyuta za mtandao wa ARPANET yaliandikwa katika faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa Stanford Research Institute kule California, na kila kituo kikachukua nakala yake. Kompyuta zilipoongezeka, faili likazidiwa. Lakini halikufa. Faili dogo la aina hiyo limo ndani ya laptopu yangu, na kwa kawaida laptopu hulisoma hilo kwanza kabla ya kuuliza kwingine.

Hilo la kusomwa kwanza sikulitilia maanani.

Wakulima wa vitunguu saumu upande wa Mbulu waliniomba tovuti, na jina lao la .co.tz lilikwisha kusajiliwa. Nikitaka kuona mambo yatakavyokuwa, nililiandika jina hilohilo halisi katika hosts yangu, likielekea kwenye mashine yangu mwenyewe. Kisha nikasahau. Siku ya kufungua, mweka hazina wao akapiga simu kutoka Dongobesh.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Kijana, hapa kwangu hakuna kitu.”

“Kwangu inafunguka, mzee. Hebu zima data, kisha uwashe.”

Akazima, akawasha. Akapanda mpaka mahali penye mtandao mzuri, akapiga tena. Nikamwambia labda ni simu yake. Kumbe jina lilikuwa bado halijaelekezwa kwenye seva, na hakuna mtu duniani aliyekuwa anaiona tovuti ile isipokuwa mimi.

Kinachonisumbua si ule mstari. Niliufuta mara moja. Kinachonisumbua ni kwamba sikusema uongo. Nilichokisema nilikuwa nakitazama. Na kuna swali jingine ambalo nimelikwepa kwa muda: kama simu ile ingetoka kwenye ofisi fulani ya Dar es Salaam, ningemwambia mtu azime data? Nadhani ningekagua kwanza. Ushahidi wa mzee wa Dongobesh niliupima kwa simu niliyodhani anaitumia.

Siku hizi majina yangu ya majaribio yanaishia na .test. Mwisho huo ulitengwa mwaka 1999, pamoja na .example, .invalid na .localhost, ili usije ukawa mali ya mtu. Wenzetu waliozoea .dev walishtuka mwishoni mwa 2017 Chrome ilipoanza kuyalazimisha majina hayo yote kupitia HTTPS, kwa kuwa .dev ni ya Google, na .local ina wenyewe, vifaa vinavyotafutana ndani ya mtandao mmoja. Nikiona .test juu ya kivinjari, najua ninatazama kilicho kwangu tu. Ni kinga nzuri, ila inakinga faili. Sina hakika kama imegusa ile haraka yangu ya kujibu, maana hata sasa mteja akilalamika, neno la kwanza kunijia ni lilelile, na huwa nalimeza kwa shida.

Nikishalimeza, naazima simu ya jirani yenye laini tofauti na yangu, nafungua tovuti humo. Mara nyingi inafunguka. Lakini jirani naye yuko Katesh, na aliyepiga yuko Haydom, kwa hiyo bado inabidi nimuulize anaona nini, kisha ninyamaze hadi amalize.