Nyumba Karibu na Chuo, Karibu na Mto

Akina mama wenzetu, ukimwuliza mzazi mwenye akiba kidogo angependa kununua nyumba mahali gani, mara nyingi atakujibu: karibu na chuo kikuu. Wapangaji hawakosekani, usafiri upo, na watoto wanakua wakiona watu wanaosoma. Kama mahali hapo pana na mto wa kupunga upepo jioni, bei hupanda zaidi. Sisi tumeishi miaka minne na nusu katika mtaa wa namna hiyo, St Lucia, katika jiji la Brisbane nchini Australia. Mwaka 2021 tulikaribia kuweka hapo akiba yetu yote pamoja na fedha za mama yetu mzazi. Tunawaandikia yale tuliyoyaona, kwa sababu nyumba ni jambo la mama kama lilivyo la baba.

Mtaa wenyewe

Tulifika Julai 2019. Mmoja wetu alikuwa amepata ufadhili wa masomo ya shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Queensland. Mwingine alikuwa na watoto wawili mkononi na kazi ya kutafuta. Mto Brisbane unauzunguka mtaa wa St Lucia pande tatu, kama mkono uliomkumbatia mtoto. Chuo kipo kwenye ncha ya kumbatio hilo. Ardhi yake ilinunuliwa kwa fedha zilizotolewa miaka ya 1920 na daktari James Mayne na dada yake, Mary Emelia Mayne. Barabara kuu ya kuingilia ina jina la Fred Schonell aliyepata kuwa mkuu wa chuo, na daraja linalovuka mto lina jina la mke wake, Eleanor Schonell, mtaalamu aliyeshughulikia elimu ya watoto wenye matatizo ya kujifunza. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 2006 kwa ajili ya mabasi, baiskeli na waenda kwa miguu tu. Gari la mtu binafsi halipiti. Binti yetu alifurahi sana kusikia kwamba mama ndiye aliyepewa daraja.

Maisha yalikuwa mazuri. Huko kodi huhesabiwa kwa wiki, wala si kwa mwezi, na sisi tulitoa amana ya wiki 4. Amana hiyo huwekwa kwa mamlaka ya serikali ya jimbo, haikai mfukoni mwa mwenye nyumba, na kwa hiyo mpangaji anayetunza nyumba hana hofu ya kuidai. Tulipanga fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya pili. Jumamosi tulitembea na watoto katika bustani za chuo, tukawatazama ndege kwenye mabwawa na sanamu za nyuso zilizochongwa katika mawe ya ule ua mkubwa.

Dada yetu alipokuja kututembelea Oktoba 2022, mijakaranda ilikuwa imechanua, zambarau tupu, akasema amefika nyumbani. Wanafunzi wa pale wana msemo kwamba asiyeanza kusoma kabla ya mijakaranda kuchanua amechelewa, maana mitihani iko mlangoni. Tulimpandisha boti za abiria ziitwazo CityCat, zinazoanzia chuoni na kushuka na mto hadi ng'ambo ya katikati ya jiji. Siku hizi mgeni ana nafuu kuliko sisi: tangu Agosti 2024 nauli ya safari moja, iwe basi, treni au boti, ni senti 50 tu.

Chuo kinapopiga chafya

Machi 2020 Australia ilifunga mipaka yake kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Wanafunzi wengi wa kigeni waliokuwa makwao hawakuweza kurudi hadi Desemba 2021. Ndipo tulipoona jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria: mtaa unaolishwa na chuo, chuo kikipiga chafya, nyumba zinapata mafua. Mabango ya "Inapangishwa" yalijaa. Mwenye nyumba wetu alitupunguzia kodi, akashukuru kwamba hatuhami.

Mwaka uliofuata dalali mmoja akatuletea habari ya fleti ya ghorofa ya chini, karibu sana na mto, ambayo mwenyewe alitaka kuiuza upesi. Bei ilikuwa chini ya tulivyotegemea. Tulikuwa na akiba yetu, na mama yetu kule Morogoro alikuwa ameuza kipande cha shamba akatuambia, "Kiwekeni mahali kizae."

Sheria ziliturusu wakati ule. Mkazi wa muda aliweza kununua nyumba moja ya kuishi kwa kibali cha serikali, kwa sharti la kuiuza akiondoka. Kwa kuwa sisi ni wageni, jimbo la Queensland lingetutoza asilimia 7 ya ziada juu ya ushuru wa kawaida. (Tangu Julai 2024 ni asilimia 8. Tena serikali ilipiga marufuku wageni, pamoja na wakazi wa muda, kununua nyumba zilizokwisha kujengwa kuanzia 1 Aprili 2025 hadi 31 Machi 2027, isipokuwa kwa sababu chache.) Mmoja wetu aliitaka fleti ile kwa moyo wote. Mwingine hakuwa na la kusema ila kwamba moyo haujatulia.

Bibi wa jirani

Jirani yetu alikuwa mama mzee aliyekaa St Lucia tangu ujana wake. Alitaka tumwite kwa jina lake la kwanza kama desturi ya kwao, lakini watoto wetu walishindwa, wakamwita Bibi, naye akalipenda. Tulimweleza juu ya fleti ile. Hakutuuliza bei. Alitushika mkono akatupeleka kwenye maegesho ya magari ya jengo hilo, chini ya nyumba, akatuonyesha mstari wa matope yaliyokauka nyuma ya mabomba, juu ya vichwa vyetu. "Huu ni wa 2011," alisema. "Wa 1974 ulikuwa juu zaidi."

Kweli, Januari 1974 mto ulipanda hadi mita 5.45 kwenye kipimo cha katikati ya jiji. Baadaye likajengwa bwawa kubwa la Wivenhoe, na watu wengi wakaamini kwamba mafuriko yamekwisha. Januari 2011 mto ulifika mita 4.46. Bwawa husaidia, lakini haliwezi kuyashika maji ya mito inayoungana na mto mkubwa chini ya bwawa lenyewe. Bibi alitufundisha na jambo jingine: mara nyingi maji hayaji kwa kuvuka ukingo mbele ya macho yako. Hupanda kwa nyuma, kupitia mitaro ya maji ya mvua, na kutokea barabarani mahali ambapo hata mto huuoni.

Halmashauri ya jiji hutoa bure taarifa ya mafuriko kwa kila kiwanja. Tuliichukua ya jengo lile. Kisha kwa wiki mbili tulibishana usiku watoto wakilala. Mwishowe tukaandika maswali matatu kwenye karatasi. Fleti ikikaa bila mpangaji miezi sita, tutalipa benki kwa nini? Maji yakiingia, bima italipa kiasi gani, na watoto watalala wapi? Ikitubidi kurudi nyumbani ghafla, nani atainunua kwa bei ya haki wiki hiyo? Hatukuwa na jibu hata moja. Tulimpigia mama simu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wanangu, shamba langu lilikuwa kavu. Msilibadilishe kwa maji." Tukamwambia dalali hapana.

Februari 2022

Mwishoni mwa Februari 2022 Brisbane ilipata zaidi ya milimita 600 za mvua kwa siku 3. Tulipeleka gari mlimani na kujaza maji ya kunywa kwenye ndoo. Tarehe 28 mto ulifika mita 3.85, chini ya ule wa 2011, lakini ulitosha. Sehemu za chini za chuo zilijaa. Umeme wetu ulikatika, kwa sababu swichi kuu ya jengo ilikuwa kwenye maegesho ya chini. Fleti ile tuliyoikataa iliingiwa na maji hadi usawa wa madirisha.

Aliyeinunua alikuwa mama kijana, muuguzi, mwenye mtoto mchanga. Walilala kwetu siku 9. Maji yalipopungua tulishuka wote na majembe na mifagio, na watu tusiowajua wakaja kutusaidia, kama walivyofanya wakazi wa jiji hilo mwaka 2011, walipoitwa Jeshi la Matope. Tulitoa nje godoro la mtoto, vitabu, picha za arusi. Hatukuona raha yoyote kwa kuwa si sisi. Jioni moja alituuliza, "Ninyi mlijuaje?" Tukamwambia kwamba kuna Bibi aliyetuonyesha. Akanyamaza kidogo, akasema, "Nami ningeuliza, kama ningejua kuna wa kumwuliza."

Neno hilo halijatutoka. Yule mama hakuwa mzembe. Alikuwa mgeni wa mtaa. Hata taarifa ambayo muuzaji wa Queensland analazimika kumpa mnunuzi tangu 1 Agosti 2025 haigusi historia ya mafuriko ya nyumba. Mnunuzi mwenyewe ndiye anayepaswa kuitafuta.

Kwa walio nyumbani

Usidhani haya ni ya Australia tu. Desemba 2011, mwaka ule ule, bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam lilifurika, na familia zikahamishiwa Mabwepande. Mto mdogo nao una kumbukumbu. Na vyuo vyetu vinazidi kuongezeka, na kando yake tunajenga hosteli na vyumba vya kupangisha kwa fedha za vikoba na za kiinua mgongo.

Basi, kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba, fanya haya. Mtafute mama aliyekaa hapo miaka mingi, umwulize maji yalifika wapi na mwaka gani; usimwulize dalali. Nenda ukaone kiwanja siku ya mvua, maana siku ya jua kila kiwanja ni kizuri. Tazama mitaro inamwaga wapi, na mita ya umeme imewekwa juu au chini. Piga hesabu ya kodi kwa miezi ambayo chuo kimefungwa, si kwa ile ambayo vyumba vimejaa. Mwishowe kaeni wawili, mkubaliane. Kama mmoja wenu hajatulia, subirini mpaka ijulikane kwa nini.

Sisi tulirudi nyumbani Januari 2024. Mama tulimrudishia fedha zake zote. Amenunua shamba jingine, dogo kuliko la kwanza, juu ya kilima.