Port Victoria: Mji ambao mafuriko huujia jua likiwaka

Na Mwandishi Wetu

WENGI wakisikia jina la Port Victoria hudhani ni jina la zamani la Kisumu. La hasha! Kisumu iliitwa Port Florence, kwa heshima ya Bi Florence Preston, mke wa mhandisi wa reli, wakati reli kutoka Mombasa ilipofika ziwani Desemba 1901. Port Victoria ni mji mwingine kabisa. Uko Bunyala, Kaunti ya Busia, kando ya Ziwa Victoria karibu na mpaka wa Uganda.

Tena ndio mji uliokaribia kupata reli hiyo. Wapimaji walioongozwa na Kapteni Macdonald mwaka 1892 waliichora njia yao hadi Ghuba ya Berkeley, palipo Port Victoria. Baadaye wakubwa walibadili nia na reli ikaishia Kisumu. Kisumu ikawa jiji, Port Victoria ikabaki kuwa mji wa wavuvi.

Msomaji mpenzi, ukiwa na wasaa wa siku mbili na familia, safari ya kutoka Kisumu hadi huko inafaa. Barabara inapanda kutoka bondeni hadi Maseno, mahali ambapo mstari wa ikweta unapita na wasafiri hupenda kusimama kupiga picha. Kisha inapita Luanda na Yala hadi Siaya. Kutoka hapo unateremka kuelekea Nyadorera, nchi inazidi kuwa tambarare, na hatimaye unafika daraja la Ruambwa, juu ya Mto Nzoia.

Simama hapo kidogo. Maji ni ya rangi ya chai ya maziwa, na yanakwenda taratibu kama mzee anayetoka sokoni. Mbele yako ni Budalang'i: mashamba ya mpunga, mahindi, ng'ombe, na matuta marefu ya udongo yaliyojengwa pande mbili za mto kuuzuia usitoke njiani mwake. Ukisonga mbele utafika Port Victoria, na kwenye ufuo wa Marenga utakuta mashua zimeegeshwa, omena zimeanikwa juani, na akina mama wakipatana bei ya mbuta na ngege.

Mto usio na haya

Mgeni akiona utulivu huo hawezi kuamini habari za mto huu. Nzoia umevunja matuta na kuingia katika nyumba za watu wa Budalang'i mara nyingi. Miaka ya 2003, 2007, 2008, 2020 na 2024 ni baadhi tu ya ile inayokumbukwa. Mwaka 2020 mambo yalizidi, kwa sababu ziwa lenyewe lilijaa hadi likapita rekodi ya 1964. Ziwa likijaa namna hiyo, mto hukosa pa kumwaga maji yake.

Jambo linalowachanganya wageni ni kwamba mafuriko haya si ya mvua ya Bunyala. Nzoia unaanzia mbali, katika vilima vya Cherangany na miteremko ya Mlima Elgon, na unakusanya maji ya eneo la karibu kilomita za mraba 13,000. Mvua inaweza kunyesha huko juu usiku kucha, na maji yakachukua siku kadhaa kuteremka hadi Ruambwa. Kwa hiyo mtu wa Budalang'i anaweza kuamka asubuhi, akaona mbingu ni samawati na jua linawaka, kumbe adui yuko njiani.

Sasa fikiria mama mmoja mwenye watoto wanne, mbuzi sita na mahindi yaliyokaribia kukomaa. Anaambiwa ahame leo. Akihama, atalala darasani na watoto, mahindi yataibwa na mbuzi hawana pa kufungwa. Akikaa, huenda maji yakamkuta usiku. Anatazama juu na haoni wingu. Je, atamwamini nani?

Mashine inayojua bila kusema

Hapo ndipo inapoingia habari ya akili unde, ambayo Watanzania wengi huiita akili mnemba, yaani mitambo ya kompyuta inayojifunza yenyewe kutokana na kumbukumbu nyingi. Mwaka 2024 watafiti wa kampuni ya Google walieleza katika jarida la Nature jinsi walivyoufunza mtambo wa namna hiyo kwa kumbukumbu za vituo 5,680 vya kupimia mito duniani. Kwa mujibu wa matokeo yao, utabiri wake wa siku tano mbele unategemeka sawa na utabiri wa siku ileile uliotolewa na mfumo mkubwa uliokuwa ukitumika. Na faida yake kubwa ni kwa mito isiyo na vipimo, ambayo ni mingi barani Afrika.

Siku tano! Kwa mama yule, hizo zinatosha kuvuna yaliyoiva, kuhamisha mbuzi na kuwapeleka watoto kwa shangazi yao. Lakini mitambo hii ina kasoro moja. Ndani yake kuna hesabu nyingi mno zilizofungamana, kiasi kwamba hata aliyeiunda hawezi kuitazama tu akasema ni kwa nini imetoa jibu fulani. Inasema mafuriko yanakuja, basi.

Kasoro hii ndiyo iliyozaa fani ambayo wanafunzi wengi wa shahada ya udaktari wa kompyuta wanaishughulikia siku hizi: akili unde inayojieleza, na inayomweka binadamu katikati. Mfano mmoja unajulikana sana. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walifunza kwa makusudi mtambo mbovu wa kutofautisha picha za mbwa mwitu na za mbwa wa kufugwa wa nchi za baridi. Picha zote za mbwa mwitu zilikuwa na theluji, kwa hiyo mtambo ukajifunza theluji badala ya mnyama. Waliwaonyesha wanafunzi 27 majibu ya mtambo huo, na 10 kati yao wakauamini. Kisha wakawaonyesha maelezo, yaani sehemu ya picha ambayo mtambo uliitegemea. Waliobaki kuuamini walikuwa 3 tu.

Kazi ya mtafiti wa namna hii ina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni kuifanya mashine ionyeshe ni jambo gani lililoisukuma kutoa jibu. Nusu ya pili, ambayo ni ngumu zaidi, ni kuketi na watu watakaotumia jibu hilo na kuona kama wameelewa, na kama wanaamua vizuri kuliko kabla. Tafiti zimeonyesha kwamba maelezo matamu yanaweza hata kumfanya mtu aiamini mashine iliyokosea. Kwa hiyo haitoshi maelezo yapendeze. Ni lazima yampe msikilizaji uwezo wa kupima na kukataa.

Ahama kwa lugha gani?

Tuseme mama yetu anapata ujumbe: "Hatari ya mafuriko ni asilimia 80." Hauna maana kubwa kwake. Lakini tuseme anaambiwa: mvua kubwa imenyesha Cherangany siku tatu mfululizo, ardhi ya huko imekwisha lowa haimezi tena, maji yanapanda, na ziwa limejaa. Hapo anaelewa kwa nini jua la nje linamdanganya. Tena mzee wa kijiji anaweza kuongeza lake: kwamba tuta la upande fulani limelegea pale ng'ombe wanaposhukia kunywa maji. Mashine haijui habari hiyo. Mzee hawezi kuirekebisha mashine asiyoijua inafikiri nini.

Na maelezo hayo yatolewe kwa lugha gani? Redio ya jamii ya Bulala FM ilianzishwa Budalang'i kwa sababu kama hii, ili tahadhari za hali ya hewa ziwafikie wenyeji kwa lugha wanayoielewa. Kompyuta bado iko nyuma. Chuo Kikuu cha Maseno, kile tulichokipita kwenye ikweta, ni miongoni mwa vyuo vilivyokusanya hazina ya lugha iitwayo Kencorpus, ambayo ilitangazwa mwaka 2022. Ina maandishi 4,442 na sauti za saa 177 za Kiswahili, Kijaluo na Kiluhya. Miongoni mwa walioishughulikia ni Dkt Lilian Wanzare wa Maseno, aliyepata udaktari wake Chuo Kikuu cha Saarland, Ujerumani.

Ni kazi ya kujivunia. Lakini lahaja za Kiluhya zilizomo ni Kimarachi, Kilogooli na Kibukusu. Kinyala, lugha ya watu walio chini ya tuta, hakimo. Anayesaka mada ya tasnifu hana haja ya kwenda mbali.

Wewe uliye Nairobi au Mombasa usidhani haya ni ya wanakijiji peke yao. Unapoomba mkopo kwa simu ukanyimwa kwa sekunde mbili, ni mashine iliyokupima. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inakupa haki ya kuomba uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake utazamwe upya. Wangapi wanajua? Na utaombaje kuangaliwa upya bila kuelezwa ulikosea wapi? Tofauti ni kwamba ukinyimwa mkopo utalala njaa siku moja. Mama wa Budalang'i akikosa kuelewa tahadhari, atapoteza watoto.

Ukienda, chagua Jumamosi, ufike Marenga mapema kabla samaki hawajaisha. Nunua omena, kisha rudi kupitia Ruambwa na uwaulize wenyeji wa hapo maji yalifika wapi mwaka 2024. Watakuonyesha kwa mkono alama ukutani. Halafu waulize walijuaje kwamba yanakuja. Jibu la swali hilo la pili ndilo ambalo wataalamu wetu wanapaswa kulisikia kabla hawajawasha kompyuta zao.