Safari ya Wakati wa Baridi: Seoul, Tokyo na Taipei

Wengi hudhani kwamba asafiriye kwa pointi husafiri bure. Sivyo. Mashirika ya ndege huwaandikia wasafiri pointi kwa safari zao, nazo zikitimia hubadilishwa kwa tiketi. Lakini kodi hulipwa kwa fedha, na viti vya namna hiyo ni vichache. Zetu zilikaribia kwisha muda, na mama yetu mzee alitamani kuiona theluji angali na nguvu. Basi tukaondoka mapema Januari 2025, kabla ya Mwaka Mpya wa hesabu ya mwezi, uliokuwa tarehe 29, maana wakati huo wengi hurudi makwao na viti huwa adimu.

Huko Seoul baridi ilishuka chini ya sifuri, na mama akaishika theluji kwa mikono yake. Nyumbani mwao Wakorea hupasha sakafu moto, desturi iitwayo ondol; wazee na watoto huketi chini pamoja. Tokyo baridi ni kavu na mbingu safi, hata mlima Fuji, wenye mita 3,776, tuliuona kwa mbali. Taipei tulikuta manyunyu, tukaenda Beitou penye chemchemi za maji ya moto.

Malazi, chakula na nguo nzito tulilipa kwa akiba ya mwaka mzima. Basi, ndugu, mtu asinunue asichohitaji ili kuongeza pointi. Riba ya deni la kadi huimeza zawadi upesi.